Kiwiko cha Salim

Jumamosi. Vumbi limeifunika Deira tangu asubuhi, jengo la mbele silioni vizuri.

Mwanangu Salim ana miaka mitatu na hasemi. Masikio yamepimwa, ni mazima. Anacheka, anaelewa, ukimwita anakuja, ila neno hatoi, hata mama. Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, tunayeishi naye hapa Muraqqabat, mtaa wa Deira huku ughaibuni, alishampata mchawi: televisheni. Salim alikuwa hasikii wala haoni kwa vipindi vya watoto wadogo vya Waingereza, vile vya rangi kali na watu wazima wanaoimba polepole kama wana usingizi. Bi Zuhura alivumilia weee, mwisho akasema, "Hawa Waingereza wako ndio waliomla ulimi mjukuu wangu. Khalas, zima!"

Nikazima. Na mimi nilishaanza kuamini hivyo hivyo.

Balaa jingine lilikuwa kiwiko. Salim anasimama jikoni, anakunja mkono mmoja, anajigonga kiwikoni kwa vidole vya mkono wa pili, huku ananitazama kwa macho ya kuomba. Tukajua kinamuuma. Bi Zuhura akamkanda kwa mafuta ya habasoda, akamsomea. Mimi nikampeleka kwa daktari, akapigwa picha, mfupa mzima. Kadiri tulivyomkanda ndivyo alivyozidi kulia. Nimewaza magonjwa ambayo hata majina yake sitaki kuyaandika hapa.

Leo Bi Zuhura alitoka kwenda kumjulia hali dada yake. Samaki wako jikoni, Salim analia, nikashindwa. Nikawasha kipindi chake.

Nikiri: sikuwahi kukaa kukitazama. Kwangu televisheni ilikuwa yaya, nikishaiwasha naenda zangu jikoni. Leo nilikaa kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma.

Bwana mmoja mwenye shati la njano alikuwa anaimba habari za chakula. Kila neno alilolitamka alilitolea ishara kwa mikono, kwa ajili ya watoto ambao bado hawasemi. Aliposema kunywa, akapeleka mkono mdomoni. Aliposema biskuti, akakunja mkono, akajigonga kiwikoni kwa ncha za vidole.

Kiwikoni!

Nikageuka. Salim naye anajigonga kiwiko, na ananitazama mimi.

Nilikimbia jikoni, nikalishusha kopo la biskuti kutoka rafu ya juu, palepale anaposimamaga chini yake kila siku. Akachukua moja, akaila, akagonga tena kiwiko na kungoja. Nikampa ya pili. Nikaangua kilio mpaka samaki wakaungua.

Mtoto wangu alikuwa anasema. Siku zote hizi anaomba biskuti kwa adabu zake, sisi tunampaka mafuta. Na ule mchezo wake wa kufunika ngumi kwa kiganja, ule nao ulikuwa neno gani? Mangapi yamenipita kwa haraka zangu? Halafu nikamzimia watu pekee waliokuwa wanamfundisha. Bi Zuhura simlaumu, maana rimoti niliishika mimi.

Aliporudi nikamsimulia. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. "Ndo kusema huyu alikuwa akisema siku zote hizi?" Nikamwambia ndiyo. Akakaa na baibui lake mwilini, akamwita Salim, akajigonga kiwiko. Salim akamkodolea macho, akalikimbilia kopo, akamletea biskuti mbili. Bi Zuhura akafunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Jioni nikatafuta kwenye simu ishara ya kuomba radhi. Unafunga ngumi, unaizungusha kifuani. Nikapiga magoti mbele ya mwanangu, nikaifanya. Akanitazama kwa makini. Kisha akaushika mkono wangu, akausogeza katikati ya kifua, akanizungushia mwenyewe, polepole, mpaka nikapatia.

Sijui nilie au nicheke. Nimefanya vyote.

Kesho tunawasha mapema. Bi Zuhura kasema kikianza tumwite.