Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Mpendae, Unguja

Kwa dada yangu mpenzi Zuleikha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba joto la Maskati limepungua mkaweza kukaa ukumbini bila ya kugombania mbele ya mashine ya baridi. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah, ila goti la mama linalomuuma kila mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kila siku. Anakusalimu sana na anasema ile halua uliyomletea imekwisha. Mimi sikuiona hata ikianza.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Lakini kila nikikutumia ujumbe wa sauti unaufungulia jikoni kwa sauti ya juu, na shemeji anayajua mambo yangu kabla hujageuza chapati. Ndiyo maana nimempa barua hii Mwatima, jirani yetu wa zamani, anayekuja huko kumtazama mwanawe. Tafadhali isome peke yako.

Mara ya mwisho nilikulilia kwenye simu nikakwambia kuna mwanamke anataka kunichukulia Talib, nawe ukanipa neno la dada: nikusanye nguo zangu, utanikatia tiketi, nije nikae kwako mpaka mume wangu atie akili. Tangu siku ile begi langu likakaa chini ya kitanda, limefungwa. Sasa nataka nikueleze yote, kisha uamue mwenyewe kama mdogo wako ana haki au ana wazimu.

Kwanza ujue kuwa mke mwenza wangu wa mwanzo hakuwa mtu, alikuwa gari. Unamjua Talib na kazi yake ya kutengeneza mashine za boti, mikono haimtoki grisi. Mwaka jana alipata kazi nzuri kwa watu wa Bwejuu, akarudi na hamu ya kununua gari la rimoti. Si yale ya watoto yanayouzwa Darajani, bali makubwa ya watu wazima, yenye mbio hata likikugonga mguuni utachechemea wiki nzima. Akaniweka kitako akanionyesha aina mbili kwenye simu yake. Moja inaitwa nitro, ina injini ya kweli ndogo kama kikombe cha kahawa, inakunywa mafuta yake maalumu, inanguruma na kutoa moshi. Ya pili ni ya umeme, inakwenda kwa betri, kimya. Akaniuliza mimi nachagua lipi. Nikamwambia achukue la betri, kwa sababu utalichomeka ukutani, utacheza, utalifuta, utaliweka, basi; hilo la mafuta litataka kulelewa. Talib akacheka, akasema gari lisilonguruma si gari, ni feni. Akanunua la nitro.

Likalelewa kweli, dada. Akirudi kazini hatii hata maji mdomoni, anakwenda uani kukaa nalo. Anavuta kamba ya kuliwashia, linakohoa. Anatia bisibisi kwenye kabureta, anazungusha kidogo kuliko unavyozungusha kifungo cha shati, anainamisha sikio, anasikiliza. Nguo zangu kwenye kamba zikawa zinanuka mafuta yale. Kanga yangu ya Idi, ile ya zambarau, niliikuta chini ya magurudumu. Na ana mtindo mmoja, anadondosha tone la maji juu ya injini: likichemka na kupotea hapo hapo, anajua imepata moto kupita kiasi na anaipumzisha. Basi wiki ile niliposhikwa na homa nikalala natetemeka, alinichungulia mlangoni akaniuliza kama nimepika. Nikamwambia na mimi nidondoshee tone la maji, huenda ukajua kama nimepata moto. Hakuelewa.

Waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakuolewa na Talib. Hata hivyo nilivumilia, maana gari, kwa ubaya wake wote, halijui kupaka wanja.

Ndipo akaja Ulfat. Huyu ni mwanamke wa rika langu, aliachika zamani, ana kibanda cha kutengenezea simu pale Mchangani. Wenye magari haya hukutana Jambiani, Jumapili za bamvua, bahari inapokauka mpaka kwenye mashamba ya mwani na mchanga ukawa mgumu kama sakafu. Siku moja Ulfat akatokea na gari la betri, akamshinda Talib mbele ya watu. Nilidhani atarudi kanuna. Alirudi anacheka! Akala huku ananihadithia jinsi gari la Ulfat linavyochomoka, jinsi lisivyotaka kuwashwa kwa kamba, jinsi linavyofutwa na kuwekwa. Tangu hapo kila tonge lilikuja na jina lake. Ulfat kasema moshi ni taabu tupu. Ulfat kasema betri ndiyo raha. Nami nilikuwa nimekaa pale na sahani yangu, dada, na maneno yale yale niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu, nikaambiwa nataka anunue feni.

Kama angemsifia uzuri wake ningestahamili, maana uzuri hauna ubishi. Lakini akili yangu niliyoitoa bure ikakataliwa, kisha akaisikia kwa mwengine akaiona mpya! Kwa wivu nikawa naondoa sahani na wali wangu haujaguswa. Nilikuwa nikisikia simu yake ikilia najua ni yeye. Siku moja Ulfat alikuja nyumbani kumwonyesha Talib betri, kajifunga mtandio wake vizuri, mpole, kanisalimu kwa heshima. Nikampa chai kwenye kile kikombe chenye pengo tunachowawekea mafundi wa choo. Akanywa, akaniambia chai yangu ina hiliki nzuri, akaomba tena. Kama angetukana ningempenda zaidi.

Baadaye Talib akaniambia ameamua kuliuza lile la nitro anunue la betri. Amempata mnunuzi, mtu wa Bwejuu anaitwa Makungu. Na hapa ndipo ulimwengu uliponigeukia, dada yangu. Mimi niliyelilaani gari lile asubuhi na jioni, nilijikuta nalitetea. Nilimwambia halitoki. Akanitazama asiamini. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: nitro ni adui yangu ninayemfahamu, na betri ni Ulfat. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Nikamwekea sharti. Nitro lishindane na la Ulfat mara moja zaidi, likishinda libaki, likishindwa Makungu alichukue. Talib akasema yeye hana hamu tena ya kuliendesha. Nikasema nitaliendesha mimi. Alicheka mpaka akakaa, akakubali. Moyoni nikajiwekea sharti jengine ambalo sikumwambia mtu: nikishindwa, nalitoa begi chini ya kitanda nakuja kwako.

Basi Talib akitoka kwenda kazini, mimi nilikuwa nakwenda nalo kile kiwanja nyuma ya nyumba. Usiniulize majirani walisema nini. Ajabu ni kwamba nilikuwa najua kila kitu. Mwaka mzima mtu yule alikuwa akizungumza nalo mbele yangu, na mimi nachambua mchele na masikio yamekaa. Nilijua moshi ukiwa mzito mafuta yamezidi, ukiwa haupo injini inaungua. Nilijua bisibisi inazungushwa vipi. Siku ya kwanza liligonga ukuta wa watu. Siku nyingine likazunguka vizuri likarudi miguuni kwangu, nikacheka peke yangu kiwanjani, na chungu changu kikaungua.

Jumapili ikafika, tukaenda Jambiani. Njia ya kushindania iliwekewa makumbi ya nazi, kutoka ufukweni mpaka karibu na vigingi vya mwani na kurudi, mizunguko kumi. Wanawake waliokuwa wakivuna mwani walipoona mwanamke mwenzao kashika rimoti ya lile linalonguruma, walitua matenga yao wakasimama kutazama. Gari la Ulfat lilichomoka kimya kimya likanipita. Langu liliruka na moshi wake. Mizunguko ya mwanzo alinifanya mtoto, sikufichi. Lakini mchanga pale ni mzito penye maji, na betri ikaanza kuchoka. Mzunguko wa nane nilikuwa karibu yake, wa tisa nikawa nampumulia. Wanawake wa mwani wakipiga vigelegele. Sikumwona Talib, sikumwona mtu, niliona magari mawili tu.

Mara ikaadhiniwa adhuhuri kwenye msikiti wa pale kijijini.

Unajua ilivyo kwetu, adhana ikianza hata redio ya kinyozi inazimwa. Gari langu lilikuwa linanguruma kuliko muadhini. Nililileta mbio miguuni, nikainama, nikaziba tundu la moshi kwa pembe ya kanga yangu mpaka injini ikafa. Kanga ikaungua, na kidole pia. Nikijua wazi kuwa nimekwisha, maana injini ile ikizimwa na moto wake hununa, haikubali kuwaka. Na la Ulfat halina sauti hata kidogo. Angeweza kumaliza mzunguko uliobaki, asingemkera muadhini wala mtu yeyote, na nani angemlaumu? Nikageuka kumtazama. Gari lake lilikuwa limesimama pale pale lilipokuwa, na yeye kaweka rimoti chini, kainamisha kichwa, anamwitikia muadhini.

Wanaume walikwenda kusali. Mimi na Ulfat tulibaki tukaliwekea gari langu kivuli kwa mtandio wake, tunalipepea lipoe. Nikaona aibu ya kile kikombe. Nikamuuliza waziwazi kama anamtaka mume wangu. Dada, yule mwanamke alicheka mpaka wale wa mwani wakageuka. Akaniambia yeye alikuwa na mume wake, aliyemkataza kushika bisibisi, na tangu waachane hajawahi kulala na njaa wala na simanzi. Kisha akaniambia jambo jengine. Siku ya kwanza alipomshinda Talib, Talib mwenyewe alimwambia, mbele ya watu wote: "Mke wangu alinambia zamani, chukua la betri. Miye nkamcheka." Ulfat akajibu tu kuwa mkeo kasema kweli.

Kumbe yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yamekwenda Jambiani yakarudi kwangu yamevaa jina la mtu mwengine. Mwanamme kumwambia mkewe kuwa ulisema kweli ni kazi kubwa kuliko kunyanyua mashine ya boti kwa mkono mmoja.

Injini haikuwaka tena, maji yakaanza kurudi na kuchukua makumbi yetu, na mashindano yakafa hivyo hivyo bila ya mshindi. Ungedhani nilirudi ufukweni na moyo mweupe. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini Makungu, aliyekuja kungojea matokeo, alipotoka msikitini alikuja moja kwa moja kwenye gari, akachutama, akalipitishia mkono mgongoni, akagusa kabureta. Wivu ulionipanda pale, dada, haukuwahi kunipanda kwa Ulfat wala kwa mtu mwengine tangu nizaliwe. Nilimwambia autoe mkono wake. Nilisema kwa sauti mpaka Talib akasimama. Akaniuliza vipi, si ndiye mke mwenza wangu huyo? Nikamjibu haliuzwi, ni langu.

Na nilipolitamka hilo ndipo nilipojijua. Mimi sikuwa nikimwonea wivu Ulfat, wala sikuwa nikilionea wivu gari. Nilikuwa nikimwonea wivu Talib. Yeye alikuwa na kitu cha kukikimbilia akirudi nyumbani, cha kumsahaulisha njaa, cha kumfanya acheke hata akishindwa. Mimi nilikuwa na yeye tu, na yeye hakunitosha. Sijawahi kumwambia mtu neno hili na ndiyo sababu halisi ya barua hii kuwa ya karatasi.

Talib alinitazama sana, kisha akamwambia Makungu amsamehe kwa usumbufu wa njia. Talib sasa amenunua lake la betri, Ulfat kamchagulia, na mimi nilikuwepo nikitia ubishi. Kikombe chenye pengo nimekitupa.

Kwa hiyo tiketi usikate. Begi nimelifungua, nguo zimerudi kabatini. Kama utataka kunitumia kitu, Mwatima akirudi mpe plagi ndogo za injini ya nitro, nimekuandikia aina yake nyuma ya bahasha. Mafuta usijisumbue, hayaruhusiwi kwenye ndege. Jana Talib alirudi kazini akanikuta uani, sikio langu liko juu ya injini na bisibisi mkononi. Aliuliza kama nimepika. Nilimwambia asubiri kidogo, nasikiliza. Akasimama pale mlangoni, akalitazama lile gari kwa jicho fulani, nami nililijua jicho lile mara moja, maana mwaka mzima lilikuwa langu.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na umwambie yule mdogo kuwa khalati wake sasa ana gari. Mama anakuombea, na anaomba halua. Karatasi ikikunukia moshi unisamehe, nimeiandikia uani.

Wasalaam,

Mdogo wako akupendaye,
Bashira