Jani la Sale kwa Kaka Elia

Seven Hills, Sydney

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu uniambie kwamba Kaka Elia amekuja na watu wa kupima kihamba, shamba letu la ukoo, na nyumba ya Baba ili viuzwe, nampigia simu kila jioni.

Mama, kosa ni langu. Nilipokosa kuja Krismasi ya nne mfululizo, Kaka alinipigia simu. "Wewe ndiye kitindamimba, nyumba ya Baba ni yako. Unakuja lini?" Nilikuwa nimetoka kazini hoi, nikamjibu, "Hiyo nyumba fanyeni mnavyotaka." Nikakata. Sikumwambia hata kwamba nilinyimwa likizo. Kumbe yeye alilichukua lile neno kuwa ruhusa ya kuuza.

Hapa ninapotunza wazee yupo Mzee Edmund, Mwingereza. Ukutani ana picha ya nyumba ya mawe. Mfalme wa zamani sana aliwapa mababu zake ardhi ile, wakajenga, ukoo ukaishi humo mamia ya miaka. Wamezikwa kanisa la jirani, na juu ya makaburi wamechongwa kwa mawe wakiwa wamelala, mbwa wao miguuni. Kwao mtoto wa kwanza ndiye huchukua vyote. Nilipomwambia kwetu nyumba ya baba ni ya wa mwisho, alicheka mpaka akakohoa.

Yeye alikuwa wa pili. Aligombana na kaka yake, akaja huku, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze kuandika. Kaka yake akafa, nyumba ikauzwa, siku hizi inakodishwa kwa harusi za watu. Asubuhi nikimvalisha soksi huniuliza, "Nyumbani amebaki nani?" Hapo nakuwaza wewe.

Naogopa, Mama. Kaka hapokei simu zangu. Kabla wapimaji hawajarudi, tafadhali chuma jani la sale, lile ambalo kwetu huombewa msamaha, lifunge fundo, umpelekee mjini. Mwambie ni langu, lile neno nimelirudisha, naomba anisamehe. Likizo ya Desemba nimeshaiomba, bado sijajibiwa.

Nisalimie shangazi Ndewina anayekukamulia ng'ombe, na shemeji Rose, mke wa Kaka. Yeye akufungulie mlango, hata Kaka akikataa.

Jani lichume kwenye sale iliyo kaburini kwa Baba. Siku ya mazishi Kaka alichimba shimo la kuipanda, mimi nikashika mche. Atalijua.

Mwanao wa mwisho,
Aminieli