Masikio ya Halima, Bura

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Bura. Mama akusomee polepole, maana nimebana herufi ili kadi itoshe.

Nimechoka, Baba. Siku mbili nimezunguka huku peke yangu na darubini yako, jua kali, miguu imejaa miiba, na sikuona zaidi ya kunguru. Jana nusura nipande basi nirudi nyumbani. Leo asubuhi nikamtafuta Halima, mama aliyechunga mbuzi hapa tangu utotoni na sasa huongoza wageni wanaotafuta ndege. Tukaketi karibu na bwawa, akaniuliza nimefuata nini mbali hivi.

"Baba yangu anapenda ndege," nikamwambia. "Sasa haoni tena, kwa hiyo nimekuja kumwangalizia."

Akashangaa. "Kwani masikio yake pia imeisha? Weka hiyo darubini chini, walaal, ndugu yangu. Funga macho."

Nikafunga. Akanitajia mwenye kila sauti: hondohondo juu ya mgunga, kanga wakipiga kelele kichakani, kisha mabawa ya firigogo, wale ndege wa nyika kavu, wakishuka majini kwa mamia. Nililia, Baba, kwa uchovu na kwa aibu, maana mwaka mzima tumekuacha ukae ndani.

Jumamosi nitafika. Mwambie Mama akutafutie viatu. Tutaenda msituni, nitakushika mkono, na wewe utaniambia ni ndege gani.

Mungu akutunze.

Binti yako,
Wanjiru