Nilinunua hedfoni ili mama asisikike

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa sababu mama yangu amesema hatakaa tena sebuleni tunapocheza gemu, kila tukianza yeye atakwenda kwa jirani yake, Bi Nelva, na habari hizi nimezipata kwa mdogo wangu Deivis anayeishi naye Maracaibo, ambaye alinipigia Jumatatu asubuhi akasema, "Kaka, mama amebeba kiti chake cha plastiki akaondoka nacho," nami nikadhani ananitania.

Jina langu ni Leomar, nina miaka thelathini na moja, huu ni mwaka wa sita niko hapa Lima, nakata nywele katika kitongoji cha San Juan de Lurigancho. Dada yangu Yulimar yuko Bucaramanga, kaka yetu mkubwa Eudomar yuko Santiago, kila mmoja nchi yake, na Deivis, mwenye miaka ishirini na miwili, ndiye aliyebaki nyumbani. Hatujakaa meza moja sisi wanne tangu nilipoondoka, ila kila Jumapili tunacheza pamoja mtandaoni, wanne dhidi ya wanne, tukiongea muda wote, na kwa miaka mitatu Deivis alitumia spika mbili za mezani na maiki ndogo iliyonasa kila kitu, kwa hiyo mama alitusikia sote na sisi tulimsikia yeye, pamoja na ndizi zikikaangwa na feni ikilalamika.

Kabla ya mchezo kila mmoja anaomba baraka kama tulivyolelewa. "Mama, baraka." Naye anajibu, "Mungu akubariki, Yulimar," halafu anayefuata, kwa jina, hamruki mtu, na mtu asipoomba anaulizwa kama amekuwa yatima. Halafu maswali.

"Wewe Leomar, umekonda."

"Mama, hunioni, unasikia sauti tu."

"Sauti yenyewe imekonda."

"Usimhurumie, mama," anasema Eudomar, "huyo anakula kuku wa kuchoma mpaka ana videvu viwili."

"Wewe nyamaza, hujanipigia tangu Jumatano."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na sikuona shida yoyote mpaka mwezi Machi tulipojiunga na ligi ya mtandaoni inayoendeshwa na ukumbi mmoja wa kompyuta karibu na kazini kwangu, na kumbe tunajua kucheza, tukaanza kushinda, na katika gemu hii asiyesikia hatua za adui nyuma yake amekwisha, na zile spika zilikuwa zinaturudishia sauti zetu wenyewe kama tuko ndani ya pipa. Aprili tulikuwa raundi ya mwisho, tuko sawa kwa sawa, mama akaniuliza kama nimeona picha ya mtoto wa binamu yetu, na wakati huohuo adui akanitokea kwa nyuma, tukashindwa, nami nikapiga kelele, "Deivis, mtoe mama hapo, anatuua!" Spika zilikuwa juu. Tulisikia mama akifungua bomba la jikoni.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa muuza vifaa na, mshauri, hili sijamwambia mtu, nilimwambia hivi: "Nataka zile ambazo mtu akiongea nyuma ya mchezaji hasikiki." Akanipa hedfoni zinazofunika sikio lote, zenye maiki inayochuja kelele, nikamtumia Deivis kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Tangu zifike tumeshinda mechi tano mfululizo.

Tangu zifike pia mama hatusikii na hatumsikii. Aliendelea kukaa pale nyuma kwenye kiti chake, Deivis anavuta upande mmoja wa hedfoni anamwambia, "Wanaomba baraka," mama anajibu, Deivis anatufikishia. Jumapili iliyopita tulikuwa tumechelewa, na Deivis kwa haraka akaigiza sauti ya mama, "Mungu awabariki, wanangu, na mle vizuri!" Tulicheka wote, mimi nilicheka kuliko wote. Mama alikuwa hatua mbili nyuma yake, akingoja kuambiwa. Akasema, "Kama baraka mmeanza kupeana wenyewe, mimi hapa nangoja nini?" Akasimama.

Sasa Yulimar anataka spika zirudi leo hii. Eudomar anasema tumalize kwanza nusu fainali, ambayo ni Jumapili hii saa tisa alasiri kwa saa ya Lima, mama ni mtu mzima, ataelewa. Mimi nimerudi kwa muuza vifaa na niko kati ya aina mbili: zile zenye matundu kwa nje, zinazomwezesha mchezaji kusikia chumba alichomo, na zile zisizo na waya. Nimtumie Deivis zipi? Na tumekubaliana na Deivis nimwambie mama kwamba hizi za sasa zina hitilafu, zinapoteza sauti za mbali, ili asijisikie vibaya. Ni sawa?

Leomar, Lima

*

Leomar,

Si sawa. Hedfoni hazina hitilafu. Zilifanya kazi uliyoziagiza kwa maneno yako mwenyewe, na mama yako anajua, kwa sababu Aprili alikusikia ukitaka atolewe na muda mfupi baadaye akaona kifaa cha kumtoa kimeingia mlangoni. Unaandika kana kwamba kuna jambo amelielewa vibaya. Hakuna. Na Deivis, kijana wa kuigiza sauti ya mama yake akiwa hatua mbili nyuma, hataweza kutunza siri hiyo hata wiki moja.

Nikutendee haki. Kutaka kushinda si kosa. Mtu aliyekaa mbali na ndugu zake miaka sita akapata kitu wanachokifanya vizuri pamoja ana haki ya kukishika kwa mikono miwili, na ni kweli pia kwamba hakuna mtu anayeweza kusikiliza hatua za adui na habari za mtoto wa binamu kwa wakati mmoja. Kosa lako ni dogo kuliko unavyoogopa, na baya kuliko unavyoandika: ulikuwa na jambo la kumwambia mama yako, ukamwambia muuza vifaa.

Sasa vifaa, maana ndicho ulichouliza. Aina zote mbili, acha. Zenye matundu zitamsaidia Deivis peke yake kumsikia mama. Nyinyi watatu hamtapata chochote, na mama hatawasikia. Zisizo na waya zinahitaji chaji, na umeme wa Maracaibo unaujua kuliko mimi. Zitazimika raundi ya tatu. Deivis abaki na alizonazo, ni nzuri. Kwa miezi hii umekuwa ukimchagulia hedfoni mtu ambaye tayari anazo. Asiye nazo ni mama.

Mama yako ana simu, vinginevyo asingejua nani hajampigia tangu Jumatano. Simu hiyo inaweza kuingia kwenye chumba chenu cha sauti, kile mnachoongelea mtandaoni, kama mtu wa tano, bila kucheza. Mnunulie zake. Ziwe za waya. Ziwe nyepesi, maana hedfoni nzito humchosha shingo mtu asiyezizoea, naye ataziacha mezani. Mito ya masikio iwe ya kitambaa; ile ya ngozi bandia, kwa joto la kwenu, ni jasho tupu ndani ya dakika kumi. Maiki iwe na mkono unaofika mdomoni, ili achukuliwe sauti yeye na si kikaango. Na kwenye waya pawe na swichi ya kuzima maiki, inayopatikana kwa kidole bila kutazama. Kabla hujalipa, mwulize Deivis kama simu ya mama ina tundu la duara la kuchomekea. Simu nyingi siku hizi hazina, na hapo utahitaji kiunganishi kidogo. Sauti yake ikiingia kidogo upande wa Deivis, kile kichujio chenu kitaikata, na safari hii kwa faida yake, kwa sababu mtamsikia kwenye laini yake mwenyewe.

Swichi hiyo ni ya mama. Deivis asiiguse, wala wewe usimpigie kelele aizime. Mweleze raundi inachukua dakika ngapi na kwa nini mnanyamaza, kisha mwulize angependa iweje. Huenda akachagua kusikiliza tu wakati wa mchezo na kuongea kati ya raundi. Huenda akasahau akaongea katikati, na wewe ukauawa kwenye gemu. Raundi inayofuata utakuwa hai.

Lakini usitume kifaa kikakuombee radhi. Mpigie kwanza, wewe mwenyewe, kwenye simu yake, si kupitia kwa Deivis. Sema, "Mama, hedfoni zile nilizinunua ili usisikike." Ishie hapo. Usimweleze habari za kichujio, wala za mechi tano. Atakalosema baada ya hapo ni haki yake, na likichukua saa nzima, mteja wako wa kwanza atangoja mlangoni. Kuhusu lile la kuigiza, Deivis amwombe mama radhi mwenyewe, hata kama ni kwa Bi Nelva. Hilo usimbebee. Na Eudomar mwambie kwamba kuelewa mama ameshaelewa, ndiyo maana akaondoka.

Anaweza kukataa. Anaweza kusema amezoea sasa kukaa kwa jirani, na huko anaongea na mtu anayemjibu. Akisema hivyo, usimbembeleze kwa ajili ya timu. Endelea kumpigia siku nyingine za wiki, wakati hakuna mchezo.

Hedfoni mpya hazitafika wiki hii. Akikubali, zile ndogo za simu za kuchomeka masikioni zinatosha kwa kuanzia. Deivis azijaribu Jumamosi, akiwa na mama, umeme ukiwapo. Wewe mpigie mama kesho Alhamisi, saa moja asubuhi kwa saa ya Maracaibo, ambayo kwako Lima ni saa kumi na mbili, kabla hujafungua kazi. Nusu fainali ni Jumapili, saa tisa alasiri yako. Ingieni kwenye chumba cha sauti saa nane na nusu, baraka zisiharakishwe.