Kipande cha Mwisho Chenye Kitenge cha Bluu

Gungu, Kigoma
Jumatano jioni

Mama yangu,

Kamwene, na shikamoo juu yake, maana najua kamwene peke yake haikutoshi. Goti linasemaje? Baridi imeshaanza kukaza huko, au mnaota jua bado? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho sikiamini.

Barua hii anaileta nesi wa kituo chetu, Edina, anayekwenda likizo Makambako. Ameahidi kukufikia mpaka mlangoni, pamoja na dagaa na kidumu cha mawese. Usiyaogope kwa rangi yake, pikia maharage halafu uniambie.

Umeniuliza tena kwenye simu nakuja lini, nikasingizia mtandao, nikakata. Mtandao haukuwa na kosa lolote, mama. Nitakujibu humu humu, ila kwanza nikueleze kilichonivuruga wiki nzima, hata juzi maabara nikarudia kusoma damu ya mgonjwa mmoja mara tatu kabla sijayaamini macho yangu.

Unakumbuka nilikwambia kuna chama cha kusoma vitabu, tunakutana Jumapili alasiri kibarazani kwa Mama Konso, fundi cherehani. Tuko sita. Yupo Mzee Rashidi wa Ujiji, karani mstaafu wa bandarini, na Edga mkulima wa kahawa, huyu anashuka kutoka Kalinzi kwa bodaboda, anafika na vumbi hadi kwenye kope. Wengine wawili ni wakimya, wanakuja kusikiliza na kula karanga. Wote wananiita Dokta. Nimekataa mpaka nimechoka.

Sasa mwaka huu tukakubaliana tusome vitabu vya sehemu moja tu ya dunia. Rahisi kusema! Ukiambiwa uchague sehemu moja ya dunia, mama, unaanzia wapi? Mzee Rashidi alitaka Uarabuni. Edga alitaka Brazili, eti watu wanaolima kahawa hawawezi kuwa na hadithi mbaya. Nikauliza kwanza dunia ina sehemu ngapi, Edga akanijibu bila kupepesa macho, "Sita, kama mashirikisho ya mpira." Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mama Konso alikuwa anapinda suketi ya shule, hata kichwa hakuinua. Akasema twende kaskazini kabisa mwa Ulaya, kwa sababu kwenye atlasi ya wanawe aliona kule kumejaa maziwa. "Watu wa kando ya ziwa tutaelewana nao," alisema. Hakuna aliyekuwa na hoja ya kumshinda, ikapita.

Kukipata kitabu chenyewe ikawa kazi nyingine. Edga alikiokota kwa wauza mitumba wa soko la Mwanga, kimetafsiriwa kwa Kiswahili, jalada hakina, kurasa za mwanzo hakina, mwandishi hatumjui. "Kina theluji," Edga akasema, "basi ni cha huko huko." Mzee Rashidi akamwuliza kama Kilimanjaro nao uko Ulaya. Mpaka leo ninavyokuandikia sijui tunasoma kitabu cha wapi.

Na nakala ni moja, watu sita. Mama Konso akachukua mkasi. Nilipiga ukelele, mama, ungedhani anakata mtu! Akakigawa vipande sita, kila kimoja akakishona kwa uzi na kukivalisha kitenge. Utaratibu ukawa kila mmoja asome kipande chake nyumbani, na Jumapili yake ikifika awasimulie wenzake, asirukie cha mwingine. Aligawa yeye mwenyewe. Mimi akanipa cha mwisho, chenye kitenge cha bluu. "Wewe Dokta huna haraka," akaniambia.

Hadithi inamhusu mwanamke mwenye jina gumu, sisi tukamwita Anna, yaishe. Alipelekwa mdogo ng'ambo ya ziwa kufanya kazi kwenye nyumba za watu. Akakulia huko, akaolewa huko, mume akafa huko. Uzeeni zinamfikia salamu za dada yake kwamba arudi nyumbani. Basi vipande vitano vizima ni Anna anakwenda, Anna haendi. Edga alipokuwa anasimulia chake alikasirika, akasema huyu mama angekuwa Kalinzi angekuwa ameshafika siku nyingi.

Tulicheka sote, Mama Konso tu hakucheka. Alizaliwa Burundi, akavushwa mpakani akiwa mgongoni mwa mama yake, dada yake mkubwa akabaki kwa bibi. Wazazi wamefia hapa, mumewe, Muha wa hapa Kigoma, naye kafa, watoto wameoa. Sasa dada ametuma salamu kutoka Rumonge: njoo tuzeeke pamoja, kiwanja cha baba kipo. Sauti wanajuana kwa simu, sura hawajuani. Jibu alitakiwa amkabidhi mwanamke mmoja mfanyabiashara wa vitenge, ambaye anarudi huko kesho Alhamisi. Tulipomwuliza ameamuaje, akasema, "Nangoja kitabu kiishe."

Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa, maana nilikuwa nimeshasoma kipande changu.

Mama, Anna anakwenda. Anavuka ziwa, anapanda mlima kwa miguu, anaikuta nyumba ile ile, anabisha hodi. Dada yake anafungua, anamtazama, anamwuliza, "Unamtafuta nani?" Anna anakosa la kusema. Dada anamhurumia kama unavyomhurumia mpita njia, anampa kikombe cha maziwa. Anna anakunywa amesimama, anashukuru, anarudi alikotoka. Kitabu kimeisha. Ndiyo hivyo tu! Niligeuza karatasi nikitafuta nyingine.

Jumapili ikafika. Nilikuwa nimejiapiza nisimulie kama kilivyo. Nikafika pale Anna anapobisha hodi, nikainua macho, Mama Konso amesimamisha cherehani, mkono uko juu ya gurudumu. Basi mdomo wangu ukaenda wenyewe. Nikasema dada alimtambua kwa mwendo kabla hajafika mlangoni. Nikasema alitoka mbio bila viatu, wakaanguka wote wawili kwenye theluji, wakalia, akamwekea kiti karibu na moto. Nikaweka na wimbo, mama! Sijui niliutoa wapi. Mzee Rashidi akajifuta macho, Edga akapiga makofi. Mama Konso akasema, "Mwarakoze, Dokta," ndiyo asante ya kwao, akarudi kwenye suketi zake.

Jumatatu nikasikia anauza makochi. Jumanne nikasikia nyumba ameshawaachia wanawe, na safari ni Alhamisi hiyo hiyo pamoja na yule wa vitenge. Hivi mimi ni nani wa kumsafirisha mtu kwa uongo? Akifika akaulizwa anamtafuta nani, nitaweka wapi uso wangu? Mara nasema nilifanya vizuri, mara nasema nimeua. Ukiniuliza sasa hivi, bado sijui.

Leo nilipotoka kazini nikaenda na kile kipande mkononi. Nikamkuta anafunga mizigo. Nikamwambia, "Mama Konso, nimekudanganya. Mwisho sio ule." Nikamnyooshea asome mwenyewe.

Hakukipokea. Alicheka mpaka akakaa chini. "Dokta, hivi vipande alivishona nani? Nimepitisha sindano kila karatasi. Nilikisoma chote kabla yenu."

Nikamwuliza kwa nini basi alinipa mimi, na kwa nini aliniacha niseme uongo mbele za watu.

"Nilitaka nione utamfikishaje," akasema. "Yule Anna, kule alikotoka, hakuna aliyemtakia heri. Soma tena, hakuna hata mmoja. Wewe ulimpa mpaka kiti."

"Lakini dada yako akikuuliza..."

"Ataniuliza, kwa nini asiniulize? Hanijui. Nitakunywa hayo maziwa. Akinikaribisha nitakaa, asiponikaribisha nitarudi hapa nibishe hodi kwako. Nilikuwa sijui kama naweza kwenda, sasa najua yuko anayenitakia heri. Ego, ndiyo, hilo tu nilikuwa nalitafuta."

Halafu akaniambia nishike ule upande wa godoro tulikunje.

Ndiyo nimetoka huko sasa hivi, mama, na sielewi. Sijui nilimsukuma au nilimshika. Cherehani ameniachia mimi ambaye hata kifungo sijui kushona, iko hapa sebuleni inanitazama. Chama nacho sijui kitakaa kibaraza cha nani, na mwakani Edga ameshaanza tena habari za Brazili.

Nisalimie baba mdogo na watoto wake, shangazi anayekulimia viazi, na mjomba fundi baiskeli. Mama mkwe wa kaka mwambie zile dawa nimempa Edina, ziko kwenye mfuko mweusi.

Sasa swali lako. Miaka mitano, mama. Tangu nilipokosa kufika kumzika baba, kila likizo ikija natafuta sababu, na sababu hazikosi. Ukurasa ule wa maziwa sikuubadilisha kwa ajili ya Mama Konso peke yake. Sikuweza kuutamka, kwa sababu kila nilipousoma mlango ulikuwa ni wetu, na aliyefungua alikuwa ni wewe.

Nimeandika likizo leo. Nitafika wiki mbili baada ya barua hii. Nikibisha hodi, tafadhali usiniulize namtafuta nani. Kiti nitajivutia mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Faraja