Ukoko Ndani ya Mtutu

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepiga ovyo tena. Risasi mbili tu ndani ya duara, zilizobaki huku na huko mpaka pembeni mwa karatasi. Wenzangu wa klabu ya shabaha walijitia kuangalia mawingu. Ndivyo tulivyo sisi Wanorwei wa Dakota Kaskazini – hata nyumba ikiungua tutasema leo kuna joto kidogo. Orrin peke yake alisogea. Alichungulia ndani ya bastola yangu, akapiga mluzi.

"Bibie, humu umepiga shabaha au umepiga plasta?"

Nikachungulia na mimi. Ukoko wa kijivu, mnene, tangu mwanzo wa mtutu mpaka katikati. Mifuo ya ndani, ile inayoizungusha risasi, imezibika kabisa. Nikafurahi! Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi. Mtutu wenye ukoko hurusha risasi kokote unakotaka wenyewe. Basi si mkono wangu.

Jumapili, 6 Oktoba

Kutoka kanisani moja kwa moja gereji. Nimesugua mpaka kidole kimechubuka. Brashi kuukuu, nimeizungushia ule wavu wa shaba wa kusugulia sufuria. Ukoko ukatoka vipande vipande, unang'aa kama karatasi ya chokoleti.

Haya ndiyo malipo yetu sisi tunaoyeyusha madini na kumimina risasi zetu wenyewe. Hazina koti la shaba kama za dukani. Ni madini ya risasi matupu na nta kidogo, na zikipita kwa kasi zinaacha ngozi yao kwenye ukuta wa mtutu.

Binti yangu Renae alipiga simu kutoka Fargo. "Mama, umempigia daktari?" Nikamwambia nina kazi, bastola imechafuka.

"Mama, bibi naye alianza hivihivi."

Kana kwamba sijui. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga mama vifungo vya gauni asubuhi, naye anageuza uso dirishani nisimwone analia. Nikamjibu Renae kwamba bibi yake hakuwa na ukoko kwenye mtutu. Hakucheka.

Jumatano, 9 Oktoba

Kila mtu klabuni anasema jambo moja: ukiona ukoko, ujue madini yako ni laini mno, yafanye magumu. Leo nimemimina risasi mpya, na kila inayotoka kwenye kalibu naidondosha hapohapo kwenye ndoo ya maji baridi. Zimekuwa ngumu kweli, ukucha hauingii.

Madini yalimwagika kutoka kwenye upawa mpaka mezani. Mengine kwenye kiatu. Nilikuwa nimeacha mlango wazi kwa ajili ya moshi, na upepo wa huku unajulikana.

Upepo hautikisi upawa wa chuma. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mbaya zaidi! Risasi ngumu, ukoko maradufu. Nilikaa kwenye benchi nikataka kulia mbele za watu, mimi Marlys Tveit, niliyeshinda bata mzinga wa shindano la klabu kila Novemba mpaka wakaanza kulalamika.

Orrin alikuja na kipimo chake mfukoni. Anatengeneza matrekta, hawezi kuona kitu asikipime. Alifungua silinda ya bastola, lile gurudumu la kutilia risasi, akachukua risasi yangu moja na kuisukuma kwa kidole kwenye tundu moja, kwa mbele. Ikagoma. Akajaribu tundu la pili, la tatu. Zote zikagoma.

"Unaona? Matundu yamebana kuliko mtutu. Risasi inakamuliwa hapa, ikifika mtutuni imeshapwaya. Moto wa baruti unapita ubavuni mwake unailamba. Na wewe umeifanya ngumu, hata kutanuka iuzibe moto haiwezi."

"Kila mtu alisema niifanye ngumu."

"Kila mtu. Tumbo linakuuma, wao wanakubadilishia kofia."

Akasema atayapanua matundu kwenye karakana yake, unywele tu, yalingane na mtutu. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe nipige mimi kidogo, tujue."

Hiyo ndiyo desturi yetu. Bastola ikimkataa mwenyewe, anapewa mwenzake. Ikimtii mwenzake, basi ubaya uko kwa mwenyewe, na hakuna anayebisha tena. Nimeshawahi kuwapigia wengine hivyo, nikawarudishia bunduki zao nikicheka. Sikujua inauma.

Nikasema hapana, ngoja kwanza itengenezwe. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni. Orrin aliutazama mfuko, kisha akasema sawa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimempelekea Orrin silinda. Mvua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Ameirudisha. Sasa risasi inapita kwenye kila tundu kwa kusukumwa na penseli, kwa shida kidogo, inavyotakiwa. Nimerudia madini laini, bati kidogo ndani, nimeziacha zipoe zenyewe. Nta nzuri. Nyingi zimetoka na makunyanzi kwa sababu mmimino wangu unakatikakatika. Nimezirudisha chunguni. Nikamimina tena, nikarudisha tena, mpaka nikapata za kutosha.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nina hofu. Siku zote hizi nimeomba mtutu utoke msafi, na sasa namwomba Mungu usitoke. Ukoko ndio pekee ulionibakia. Ukiondoka, na bado nikakosa –

Siwezi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mtutu ni msafi. Nimepiga asubuhi nzima, nikiupitishia kitambaa kinatoka na masizi tu, hata punje ya madini hakuna. Watu walipokezana kuchungulia. Wakampigia Orrin makofi, akainamisha kichwa.

Na karatasi yangu? Risasi moja imegusa duara kwa nje. Nyingine hazikugusa karatasi kabisa, ziko kwenye mbao.

Orrin akanyoosha mkono. "Nipe." Safari hii nikampa. Nilikuwa nimechoka kushika.

Alibandika karatasi mpya, akasimama pale nilipokuwa nimesimama. Akapiga zote bila haraka. Kwa macho yangu haya sikuona kitu kutoka pale. Kwa desturi tungekwenda pamoja kutazama. Yeye aliweka bastola mezani, akaondoka kwa hatua ndefu kabla sijainuka. Akaibandua karatasi, akaikunja akiwa amenipa mgongo. Tulipoingia ndani ya klabu akaitupa kwenye jiko la kuni.

"Hata mimi imenitawanyia," akasema. "Kaidi hii. Bado ina kitu. Jaribu kuyalainisha madini zaidi, tuone wiki ijayo."

Orrin! Mtu ambaye kuta za karakana yake zimejaa karatasi za shabaha tangu ujana, nzuri na mbaya, kila moja na tarehe yake. Hajawahi kuchoma hata moja. Na masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto. Miaka yote hii hajajifunza kusema uongo, na leo ameanza kwa ajili yangu.

Ningeweza kumwambia najua hakukosa. Nikasema, "Basi nitayalainisha."

"Ndiyo, bibie. Usikate tamaa."

Akanimiminia kahawa. Akajaza kikombe nusu tu, akaniwekea mezani badala ya kunipa mkononi. Kisha akaanza kuzungumzia mavuno ya viazi sukari, kwa sauti kubwa kuliko kawaida, mpaka nikamaliza.

Sasa niko gereji. Mchana bado mweupe. Jiko limewaka, nimetia madini laini kama alivyosema, na yameanza kulegea pembezoni mwa chungu. Ninajua risasi hizi hazitarekebisha kitu. Ninazitengeneza.

Simu inaita juu ya benchi. Ni Renae. Nikipokea nitamwambia bastola imemkataa hata Orrin, muulize mwenyewe.

Bado inaita.