Mabuti ya Baba

Nyumbani, nyuma ya soko,
Jumanne, tarehe 12 Agosti.

Mpendwa Kitindamimba,

Hujambo ndugu yangu? Wifi hajambo? Na mwanangu, huyo mtoto wenu anayejifunza kusimama, tumbo lake ni zima? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote. Sisi huku wazima wa mwili. Mama magoti bado yanamsumbua, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Jana kamfukuza fundi wa paa kwa kuchelewa.

Nakupigia simu tangu Ijumaa, hupatikani. Ndiyo maana mwandiko umekuwa kama kuku kaparura: dereva wa lori atakayekuletea barua hii yuko mlangoni anapiga honi. Yale mabuti ya Baba niliyokutumia, usiyavae bandani. Kama umeshayavaa, usiyavae tena. Yatoe nyumbani leo hii, na mtoto asiyaguse. Sasa nikueleze kwa nini.

Unakumbuka vifaranga wangu wa kwanza walivyokufa? Siku ya nane walianza kujikunyata chini ya taa, mbawa zimelegea, nyuma kumeganda uchafu mweupe. Kufika siku ya kumi na nne nilikuwa nazika kwa ndoo. Nikamgombeza muuza vifaranga mbele za watu, nikamwita tapeli, naye maskini akaapa kwa watoto wake. Namwonea haya mpaka leo.

Basi nikasafisha, na unanijua nikishika ufagio. Maranda yote nilichoma, sakafu nikaisugua mpaka saruji ikabadilika rangi, kuta nikazipaka chokaa. Banda likakaa tupu wiki sita. Nikaleta vifaranga kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Siku ya nane, ile ile ya nane, nikamkuta mmoja amesimama peke yake kafumba macho. Nilikaa chini nikalia.

Mama akasema kuna mkono wa mtu. Mimi nikamwita daktari wa mifugo. Alikuja na vijiti vya pamba, akapangusa nyufa, mabomba, vyombo vya maji, hata vumbi la juu ya taa. Kisha akauliza, “Dada, humu huwa unaingia na viatu gani?” Nikajibu kwa maringo: vya Baba, na havijawahi kukanyaga nje ya banda. Si ndivyo alivyotufundisha? Viatu vya nje vibaki nje, vya ndani vibaki ndani. Alikuwa na jozi mbili, moja ya banda kubwa, moja ya banda dogo. Tangu tumzike mwaka jana sikuosha hata moja, maana uchafu ule ulikuwa wa nyayo zake.

Daktari akageuza buti. Kwenye meno ya soli kulikuwa na kinyesi kikavu, kigumu, cha kuku tuliokwisha kuwala zamani. Akapangusa na hapo.

Majibu yalikuja Ijumaa. Nyufa safi, mabomba safi. Mabuti yamejaa salmonela. Anasema bakteria hao wanaweza kukaa ndani ya kinyesi kikavu miezi na miezi, wakingoja unyevu na joto. Nami kila asubuhi nilikuwa nawapelekea vyote viwili, namwaga maji, nawasha taa. Hata dawa ukimwaga haiwafikii mpaka ukwangue kwanza uchafu, uoshe kwa sabuni. Wala hawachagui: kifaranga wanamuua, mtu mzima wanamlaza, na mtoto mchanga wanaweza kummaliza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha kwangu kilikuwa miguuni, na nilikivaa kwa mapenzi.

Nilimwambia daktari kuna jozi ya pili, ya banda dogo. Akauliza iko wapi.

Ndugu yangu, uliponiambia umejenga banda baada ya kiwanda kuwafungia milango, nilifurahi kupita kiasi. Nikakufungashia mabuti yale bila kuyaosha, makusudi, uanze na baraka za mzee. Hao vifaranga mia tatu ndio kazi uliyobaki nayo, na mimi nimekutumia hiki. Nisamehe.

Yangu nimeyazika jana, shimo la kufika kiunoni, mbali na kisima. Mama hakunisemesha mpaka jioni. Nawe yazike. Usione haya, Baba mwenyewe angekuwa wa kwanza kushika jembe.

Ile picha uliyotuma kabla simu yako haijazimika niliwaonyesha watu wa soko zima, tukacheka. Mtoto amekaa sakafuni, buti la babu yake amelipakata kama mwanasesere. Jana nimeitazama tena, taratibu. Mkono mmoja umeshika soli. Vidole vya ule mwingine viko mdomoni.

Msalimie sana wifi, mwambie akimwona mtoto anaharisha au ana homa asingoje kupambazuke, amkimbize hospitali. Mama anakusalimu, na mjomba muuza vipuri anasema ukali wako wa utotoni bado anaukumbuka. Mungu aifunike nyumba yako, na alichokiruhusu kiingie kwa mikono yangu akitoe kwa rehema zake.

Dereva anarudi Alhamisi. Usihangaike kuandika barua, mpe neno moja tu aniletee: mzima. Nitakuwa nimesimama barabarani tangu asubuhi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko nilivyojua kukutunza.